Pasi ya Mbele: Je, Mchezaji Mwangalifu Afundishwe Kuthubutu?

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa michezo katika shule ya msingi hukutana nayo mapema, liko moja linalopitwa haraka mno katika mafunzo yetu. Swali lenyewe ni hili: afanye nini na mtoto anayecheza kwa uangalifu kupita kiasi? Karibu kila timu ya shule ina mtoto wa namna hiyo. Aghalabu huwekwa katikati ya uwanja, mahali pa kiungo, kwa sababu ana utulivu na mguu wake ni wa kuaminika. Akipokea mpira haupotezi. Humpa beki aliye nyuma yake, au mwenzake aliye ubavuni, naye huyo humrudishia. Mshambuliaji aliye mbele hunyanyua mkono, huita, hukimbilia nafasi iliyo wazi, kisha hurudi bila kitu. Mchezo ukiisha, kiungo huyo husifiwa kwamba hakupoteza hata pasi moja. Na timu yake haikupata hata bao moja.

Maoni yangu ni kwamba mtoto huyo hana budi kufundishwa kuthubutu zaidi kuliko anavyothubutu. Lakini naongeza papo hapo kwamba kumpigia kelele "Thubutu!" kutoka ukingoni mwa uwanja si kufundisha. Uangalifu wake una chanzo, na mara nyingi chanzo hicho ni sisi walimu wenyewe. Kwa hiyo kazi ya kumbadili inaanzia kwetu kabla ya kufika miguuni mwake.

Uangalifu Una Maana Yake

Kwanza tumtendee haki mtoto mwangalifu. Ndugu mwanachuo, utakapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Musoma, Bunda au Butiama, tazama uwanja kabla ya kumtazama mchezaji. Viwanja vingi vya shule zetu si bapa kama meza. Kuna vichuguu, kuna mawe yanayochungulia ardhini, kuna njia ya ng'ombe inayokatiza karibu na goli. Wakati wa kiangazi ardhi ni ngumu na mpira hudunda kwa namna isiyotabirika. Wakati wa masika hukwama kwenye matope. Mtoto aliyeanza kucheza chandimu kwa mpira wa matambara katika uwanja kama huo amekwisha kujifunza kwamba pasi ndefu ya chini ni bahati nasibu. Akichagua pasi fupi, amechagua kwa akili. Huo si woga, ni ujuzi wa mazingira yake.

Tena, uangalifu ni sifa ambayo timu haiwezi kuishi bila nayo. Pasi ikipotea mbele ya goli letu wenyewe, adui hana safari ndefu ya kufunga. Mchezaji anayejua kutulia na mpira huwapa wenzake muda wa kupumua na kujipanga. Wazee wetu walisema, "Haraka haraka haina baraka", wala hawakukosea. Lakini wazee hao hao walisema pia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Methali hizi mbili hazigombani. Kila moja ina mahali pake, na hekima ni kujua ni wakati gani tushike ipi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria wanalijua jambo hilo vizuri. Huingia ziwani na taa zao katika usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa kuwavuta dagaa. Upepo ukichafuka hubaki nchi kavu. Lakini hakuna mvuvi ambaye, kwa kuogopa dhoruba ya siku moja, hukaa ufukoni mwaka mzima na kujiita mwangalifu.

Hasara Isiyoonekana

Shida ya mchezaji mwangalifu kupita kiasi ni kwamba hasara anayoiletea timu haionekani. Pasi iliyonaswa na adui huonwa na kila mtu. Watazamaji huguna, mwalimu hushika kichwa. Pasi ambayo ingempeleka mshambuliaji golini, lakini haikupigwa, haionwi na yeyote isipokuwa mshambuliaji aliyekimbia bure. Kwa sababu hiyo, mwalimu anayehesabu makosa tu atamwona mtoto huyu kuwa ndiye bora kuliko wote.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Kiungo wa kwanza apiga pasi 30, na zote 30 zinafika. Lakini 28 kati ya hizo ni za nyuma na za ubavuni. Kiungo wa pili naye apiga pasi 30. 22 zinafika na 8 zinapotea. Kati ya zile zilizofika, 9 ni za mbele, na 3 kati ya hizo zinamkuta mshambuliaji akitazamana na mlinda mlango peke yake. Daftari la makosa litasema kwamba wa kwanza hana kosa na wa pili ana makosa 8. Daftari la mchezo litasema kwamba wa pili ametengeneza nafasi 3 za kufunga na wa kwanza hakutengeneza hata moja. Mwalimu hana budi kuwa na madaftari yote mawili. Yafaa pia aangalie zile pasi 8 zilipotelea wapi: zikiwa zimepotea karibu na goli la adui, hasara ni ndogo, zikiwa zimepotea mbele ya goli letu, kiungo wa pili anahitaji somo la namna nyingine.

Wapo watakaosema kwamba timu ikiongoza haina sababu ya kuthubutu. Na tuitazame timu yetu ya taifa. Tarehe 27 Juni 2019 mjini Cairo, katika Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, Taifa Stars iliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, ikafungwa 3 kwa 2. Tarehe 21 Januari 2024 mjini San Pédro, nchini Côte d'Ivoire, Simon Msuva aliifungia Tanzania bao katika dakika ya 11 dhidi ya Zambia. Kabla ya mapumziko Zambia ilibaki na wachezaji 10 baada ya mmoja kutolewa kwa kadi nyekundu. Bao hilo moja lililindwa mpaka dakika ya 88, ndipo Patson Daka aliposawazisha kwa kichwa. Ushindi wa kwanza wa Tanzania katika fainali hizo, uliosubiriwa tangu ziliposhiriki timu zetu kwa mara ya kwanza mjini Lagos mwaka 1980, ulibaki dakika chache tu. Siitaji mifano hii ili kumlaumu mchezaji yeyote. Naitaja kwa sababu inafaa kuulizwa darasani: bao moja ni ghala la kutosha, au ni akiba inayohitaji kuongezwa wakati mavuno yapo?

Hata wakuu wa mchezo huu duniani walilazimika kulijibu swali hilo. Kombe la Dunia la mwaka 1990 nchini Italia lilikuwa na wastani wa mabao 2.21 kwa mchezo, wastani mdogo kuliko wa fainali zote nyingine za kombe hilo. Timu zilikuwa zikimrudishia mlinda mlango mpira ili audake na kupoteza muda. Mwaka 1992 sheria ilibadilishwa: mlinda mlango alikatazwa kuushika kwa mikono mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake. Kisha, katika Kombe la Dunia la mwaka 1994, ushindi ulipewa pointi 3 badala ya 2. Tuzingatie njia iliyotumiwa. Hakuna aliyewahubiria wachezaji wawe mashujaa. Kilichobadilishwa ni thamani ya kuthubutu na gharama ya kutothubutu, na wachezaji wakabadilika wenyewe.

Nani Alimfundisha Kuogopa?

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Mtoto hapimi hatari kwa kutazama mchezo peke yake; huipima pia kwa kumtazama mtu mzima aliyesimama ukingoni. Ikiwa kila pasi inayopotea hufuatwa na tusi, na kicheko cha wenzake, au na amri ya kuuzunguka uwanja mara tano, basi mtoto mwenye akili atatafuta pasi isiyoweza kupotea. Atakuwa amejifunza vizuri sana somo tulilomfundisha bila kukusudia.

Uko mfano mzuri kutoka nchi ya mbali. Nchini Marekani huchezwa mpira wa namna nyingine, wenye umbo la yai, unaobebwa na kurushwa kwa mikono. Mpaka mwaka 1905 sheria za mchezo huo hazikuruhusu kuurusha mpira mbele. Mwaka 1906 ziliruhusu, lakini kwa bei kali: mpira uliorushwa ukianguka chini kabla ya kuguswa na mchezaji yeyote, ulikuwa mali ya wapinzani. Si ajabu kwamba timu nyingi ziliendelea kuukumbatia mpira kifuani na kusukumana. Katika miaka iliyofuata adhabu hizo zililegezwa kidogo kidogo, na leo mrushaji wa pasi ndiye mchezaji anayetazamwa kuliko wote. Hata hivyo mabishano ya huko yanafanana na yetu: mrushaji asiyepoteza mpira, lakini asiyethubutu kuurusha mbali, asifiwe au asukumwe? Historia ya sheria zao inatupa jibu la kiualimu: ukitaka watu wathubutu, kwanza punguza bei ya kukosea.

Tukirudi darasani, tutamkuta mtoto yule yule. Ni yule anayejua jibu lakini hanyanyui mkono, kwa kuwa juma lililopita mwenzake alichekwa alipokosea. Ni yule anayeandika insha ya sentensi fupi zilizo salama, asijaribu neno jipya, kwa sababu kalamu nyekundu huhesabu makosa wala haihesabu majaribio. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alisisitiza kwamba elimu yetu imjengee kijana akili ya kudadisi na hali ya kujiamini. Kujiamini hakupatikani kwa hotuba. Hupatikana kwa kujaribu, kukosea bila kudhalilishwa, na kujaribu tena. Uwanja wa michezo ni mahali pazuri pa kulifanya hilo, kwa sababu huko jaribio moja huchukua nukta chache na jingine huja mara.

Mambo Matatu ya Kumfundisha

Kuthubutu si kubahatisha. Mtoto anayepiga mpira mbele bila kuangalia hathubutu, anautupa. Kwa hiyo mwalimu amfundishe mchezaji wake mambo matatu, nayo ni mahali, wakati na mwenzi.

Jambo la kwanza ni mahali. Ugawe uwanja katika sehemu tatu kwa kuchora mistari ya majivu au kwa kuweka mawe pembeni. Katika sehemu iliyo karibu na goli letu, sheria ni usalama: pasi ya uhakika, au mpira utoke nje. Katika sehemu ya kati mchezaji ana hiari, lakini atazame mbele kwanza kabla ya kutazama ubavuni. Katika sehemu iliyo karibu na goli la adui, kuthubutu ni wajibu. Katika mazoezi, utoe pointi moja kwa kila pasi inayoelekezwa golini katika sehemu hiyo, hata ikinaswa, na pointi mbili ikifika. Utaona mabadiliko katika muda mfupi, kwa maana umefanya kama walivyofanya watunga sheria: umebadili bei.

Jambo la pili ni wakati. Nafasi ya kupiga pasi ya mbele hufunguka na kufungika upesi. Mtoto anayeanza kutazama baada ya kupokea mpira amekwisha kuchelewa. Mfundishe kugeuza kichwa na kutazama nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Njia rahisi ni hii: mwalimu au mwanafunzi mmoja husimama nyuma ya mpokeaji akiwa amenyanyua vidole, na mpokeaji lazima ataje idadi ya vidole kabla ya kuugusa mpira. Hapa tuuazime pia ujuzi wa mpira wa pete. Katika mchezo huo mchezaji haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3. Sheria hiyo humlazimisha kila msichana kuamua, akiwa mwangalifu au la. Waache wavulana na wasichana wacheze pamoja mchezo wa kupasiana kwa mikono chini ya sheria hiyo ya sekunde 3, kisha wauhamishie miguuni. Wasichana waliozoea pete wataonekana kuwa walimu wazuri wa wenzao.

Jambo la tatu ni mwenzi, nalo ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Tunamlaumu kiungo kwamba hapigi pasi ya mbele, kumbe huko mbele hakuna mtu wa kumpasia. Washambuliaji wamesimama nyuma ya migongo ya mabeki kama nguzo. Pasi hutengenezwa na anayepokea kama inavyotengenezwa na anayepiga. Mpokeaji atoke nyuma ya beki, aonekane, aonyeshe kwa mkono anautaka mpira miguuni au mbele yake. Tena wengine wote wajue la kufanya pasi ikinaswa: walio karibu wamkimbilie aliyeunasa kabla hajanyanyua kichwa. Mtoto akijua kwamba akikosea atasaidiwa na watu wanne, atathubutu. Akijua kwamba atabaki peke yake, hatathubutu, wala mimi simlaumu.

Mazoezi haya hayahitaji vifaa vya gharama. Darasa la watoto 60 lenye mpira mmoja wa dukani haliwezi kufundishwa kwa kucheza 11 kwa 11 huku 38 wakitazama. Watoto watengeneze mipira yao ya matambara na kamba kama wanavyofanya nyumbani. Uwagawe katika vikundi vya watano watano, kila vikundi viwili vikiwa na uwanja wao mdogo. Watoto 60 ni vikundi 12, yaani viwanja 6 na mipira 6. Katika uwanja mdogo kila mtoto hugusa mpira mara nyingi, na kosa lake husahauliwa upesi kwa kuwa mpira unarudi tena.

Mwisho, mwalimu achunge ulimi wake. Pasi ikipotea, asiseme "Umekosea!" Na aulize, "Uliona nini?" Mtoto akijibu kwamba aliona mwenzake yuko peke yake lakini mguu haukupiga vema, basi uamuzi ulikuwa sahihi na kinachohitajika ni mazoezi ya mguu; asifiwe kwa uamuzi. Akijibu kwamba hakuona mtu bali alipiga tu, hapo pana somo la macho. Mambo haya mawili yanafanana kwa mtazamaji, lakini kwa mwalimu ni tofauti kama usiku na mchana.

Hoja ya Kombe

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwalimu mwenzangu atasema: "Hayo ni mazuri kwa mazoezi. Lakini mashindano ya UMITASHUMTA yakikaribia, mwalimu mkuu anataka ushindi, wazazi wanataka ushindi, na kata nzima inasubiri. Siku hiyo siwezi kumruhusu mtoto ajaribu." Hoja hii si ya kupuuzwa. Mchezo wa mtoano hausamehi, na si haki kumtwika mtoto wa miaka 12 lawama ya shule nzima.

Jibu langu ni kwamba siku ya mashindano si siku ya kuanza kuthubutu. Ni siku ya kuvuna. Mtoto aliyethubutu mara mia mbili katika mazoezi huijua pasi yake ipi inafika na ipi haifiki. Kwake, pasi ile inayoonekana ya hatari kwetu ni pasi ya kawaida. Mtoto aliyezuiwa mwaka mzima, kisha akaamriwa kuthubutu katika dakika za mwisho timu ikiwa nyuma kwa bao moja, huyo ndiye anayetwikwa mzigo usiomfaa. Kwa hiyo swali la mwalimu mkuu kuhusu kombe linajibiwa miezi mingi kabla ya mashindano, katika uwanja mdogo wenye mpira wa matambara.

Lipo na jambo la pili. Watoto wa Musoma waliokwenda Uwanja wa Karume kuitazama Biashara United, timu iliyoingia Ligi Kuu mwaka 2018 na kushuka mwaka 2022, waliona kwa macho yao kwamba timu ya mkoani kwao inaweza kupanda mpaka ngazi ya juu, na kwamba inaweza pia kushuka. Wachache sana katika watoto hao watakuwa wachezaji wa ligi. Wote watakuwa wakulima, wavuvi, mafundi, wauguzi, wafanyabiashara, walimu. Kila mmoja wao siku moja atasimama mahali ambapo njia ya ubavuni iko salama na njia ya mbele ina hatari yenye manufaa. Kombe hukaa kabatini katika ofisi ya mwalimu mkuu. Tabia ya kutazama mbele kwanza, kupima, kisha kuamua, mtoto huondoka nayo.

Basi, ndugu mwanachuo, usimdharau mtoto mwangalifu wala usimwache alivyo. Utulivu wake ni mtaji, na mtaji usiofanyiwa kazi hauzai. Katika juma lako la kwanza la mazoezi ya kufundisha, chukua daftari, mchague kiungo mmoja, uhesabu pasi zake za mbele, za ubavuni na za nyuma. Upande wa pili wa ukurasa ujihesabu wewe mwenyewe: ni mara ngapi umekemea pasi iliyopotea, na ni mara ngapi umeisifu pasi njema ambayo haikufika. Utakapoilinganisha kurasa hizo mbili, utajua ni nani wa kuanza kufundishwa.